Wifi na Mizani ya Sumaku

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi yangu kaanza leo. Hakuna aliyebisha hodi.

Mwaka mzima nimemvumilia nyumbani, huyu mdogo wake mume wangu, na kikohozi chake cha adabu kila anapotaka kupita sebuleni. Sasa Profesa kamleta mpaka maabara kwetu, aje kupima chumvi zake za nikeli amalizie shahada ya pili. Mimi niko ukingoni mwa udaktari. Nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja tu, itatolewa mvua zikielekea kuisha, na mpaka jana mwombaji nilikuwa peke yangu. Leo Profesa ananiambia, "Na wifi yako naye aombe, kwa nini asiombe?" Anacheka kama mtu aliyetugawia peremende.

Nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia, "Humu ndani hakuna wifi. Humu naitwa Mwalimu. Hapa si nyumbani."

"Sawa, wifi," akasema. Kisha akajiziba mdomo, akacheka.

Fundi wa maabara naye akacheka, yule mzee na kofia yake. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfundisha mizani, amri ya Profesa. Unaisaga chumvi iwe unga laini, unaujaza kwenye mrija wa kioo, unauning'iniza chini ya mizani katikati ya ncha mbili za sumaku. Unapima sumaku ikiwa imezimwa. Unaiwasha, unapima tena. Uzito ukiongezeka, unga umevutwa, ukipungua, umesukumwa. Profesa anauita uvutwaji, na kila kitu kina uvutwaji wake, hata maji, hata mbao za meza. Siri iko kwenye elektroni. Zikiwa mbili mbili, kila moja na mwenzake, sumaku inazisukuma kidogo sana. Ikibaki moja pweke, inavutwa.

Anaandika kila neno. Hata kuandika kwake kunanikera.

Kinu nimemwazima shingo upande. Ni kikubwa, cheupe, kina ufa mwembamba kitakoni, na jengo zima hakuna kinachosaga kama hicho. Nilikitoa mwenyewe kwenye kabati la wanafunzi wa mwaka wa kwanza nilipoanza udaktari. Fundi alitaka kuniletea maneno, nikamwambia akashtaki. Tangu hapo ni changu, na kazi yangu yote imesagwa humo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya sinki. Chakula kimeungua, nimemwambia mume wangu ni dada yake.

Jumanne, 12 Machi

Chuma hakigusi unga wa kupimwa kwa sumaku. Hilo ni somo la kwanza kabisa. Chembe moja ya chuma usiyoiona kwa macho inavutwa kuliko unga wote uliomo kwenye mrija, na kipimo chako kimeharibika. Ndiyo maana tunachota kwa vijiko vya plastiki. Leo asubuhi, kabla wifi, Mtakatifu wetu, hajafika, nimevitia vyote vitatu kwenye droo yangu, nikafunga kwa ufunguo. Juu ya meza nikamwachia kijiko cha chuma.

"Mwalimu, vijiko vya plastiki viko wapi?"

"Muulize Fundi. Vitu vyake vile."

Mzee wa watu akapekua makabati yote mpaka jasho likamtoka. Profesa akaja, akamfokea mbele ya wanafunzi, eti kwa uzembe huu ipo siku atapoteza hata sumaku. Fundi akasimama na kofia mkononi. Mimi nimeinamia mizani yangu, najibana nisicheke.

Mtakatifu akachota kwa chuma. Nilimwona kwa macho yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua kutwa. Nimelala.

Alhamisi, 21 Machi

Leo ndiyo leo. Chumvi yake nyekundu ya nikeli, ambayo elektroni zake zote zina wenza na inapaswa kusukumwa, imevutwa! Profesa kaja mbio, miwani inamning'inia sikio moja. "Pima tena." Ikavutwa tena. "Jambo geni hili! Hili ni la kuandikwa!" Kampa mkono. Kwangu ilimchukua mwaka mzima kunipa mkono.

Wifi wala hakufurahi. "Profesa, mimi sina uhakika," akasema.

"Uhakika utakuja, binti yangu."

Binti yangu! Roho iliniuma mpaka nikatoka nje kusimama barazani. Kisha nikatulia. Acha wampandishe. Utetezi wake wa tasnifu ni Mei, na mtahini wa nje atakuwa amekaa mbele. Nitanyoosha mkono nimuulize jambo moja tu: uliuchota huo unga kwa kijiko gani? Akiporomoka siku hiyo watamwokota vipande vipande.

Jumapili, 24 Machi

Rafiki wa mume wangu, mfamasia, kaja kula. Mtu mpole, amefiwa na mke. Nikaona anavyomtazama wifi yangu akimpa maji ya kunawa. Akauliza, kwani yule dada anasomea nini hasa?

Nikamjibu mimi. "Anapima elektroni pweke, shemeji. Elektroni ikiwa pweke inavutwa na sumaku. Sasa huyu wetu miaka yote hii ni mpweke, na hajavuta hata inzi."

Mume wangu alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakupaswa. Mfamasia akatazama sahani yake. Wifi akakusanya vyombo, akaenda kuviosha, na hakuvunja hata kimoja. Ningekuwa mimi ningevivunja vyote.

Jumanne, 2 Aprili

"Mwalimu, nina neno kuhusu kinu."

"Kina nini? Ukikivunja utanitambua."

"Hakijavunjika. Ni kwamba nilibadilisha kwanza—"

"Mimi nina sura ya tano ya kumalizia. Kama una shida na kusaga, nenda kasage."

Akarudi kwenye meza yake. Anatafuta msaada wa bure, namjua. Nimsaidie, kisha aje anipite?

Jumatano, 3 Aprili

Tunaanua nguo uani mvua ikitukimbiza, naye kaanza tena. "Wifi, labda hapa nyumbani naweza kukwambia. Kuhusu kile kinu—"

"Nyumbani hatuzungumzi kazi. Kamua hilo shuka."

Akakamua.

Jumatano, 10 Aprili

Makubwa haya! Mtakatifu kaja na kinu chake. Cha jiwe, kidogo kama kikombe cha mtoto, kaazimwa na nani kama si yule mfamasia? Kumbe inzi mmoja kavutwa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika, "Kwani changu kina ukoma?"

Alinitazama sana, mdomo unataka kufunguka. Halafu akasema, "Hapana, Mwalimu."

Jumamosi, 20 Aprili

Wiki nzima nimeishika sumaku mimi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yeye anadamka kuja kupima kabla sijafika, na huo umeme nao unakatika ovyo na hizi mvua. Anapima unga ule ule kwa umeme mdogo, halafu wa kati, halafu mkubwa, anarudia rudia. Mtu aliyepata jambo geni na mkono wa Profesa anarudia nini? Mimi sijawahi kupoteza muda wangu hivyo.

Jana wakati wa kutoka nililifungua dirisha lililo juu ya sinia lake la unga, nikaliacha wazi. Leo unga wote ulikuwa uji. Alisimama akatazama, akachukua kitambaa, akapangusa meza, akatoa chumvi nyingine kwenye chupa, akaanza kusaga upya. Fundi akasema, "Dirisha hili nililifunga mwenyewe." Nikamwambia uzee huo, mzee wangu. Akajikuna chini ya kofia, nadhani aliamini.

Natamani angalau angelia. Huyu mtu ana nini?

Alhamisi, 25 Aprili

Profesa kaisoma tasnifu yangu! Chumvi zangu za shaba zinavutwa kuliko vitabu vinavyoruhusu, zote, na sura ya tano nzima inaeleza huo mvuto wa ziada unatoka wapi, jinsi elektroni pweke inavyozunguka na kujiongezea nguvu. "Hii ndiyo roho ya kazi yako," kaniambia. Nafasi ni yangu. Nimejinunulia viatu vyekundu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeumwa. Mume wangu yuko safarini, na aliyekesha nami ni wifi. Kitambaa cha maji kwenye paji, uji kwa kijiko, kabadilisha mashuka mara sijui ngapi. Sikumbuki mama yangu mzazi kunishika kichwa vile. Nikiwa kwenye homa nilijiapia kwamba nikipona nitavirudisha vile vijiko.

Leo nilipofumbua macho akasema polepole, "Wifi, ukipata nguvu kuna jambo lazima tuzungumze kabla ya utetezi wangu. Ni kwa ajili yako."

Kwa ajili yangu! Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Jumanne, 14 Mei

Nimepona. Vijiko viko pale pale.

Alhamisi, 23 Mei

Niandike tu.

Ukumbi ulijaa, maana nje kulikuwa kunanyesha na ndani kulikuwa na chai. Mtahini wa nje ni mama mfupi, sauti ya chini, hacheki. Mbele yake alikuwa na tasnifu mbili, ya wifi na yangu, kwa sababu mimi nami atanitahini mwezi ujao. Niliiona yangu, ile ya jalada la buluu, nikavaa tabasamu.

Wifi akasimama. Maneno yake ya kwanza yakanikata maini. "Vipimo vyangu vya mwanzo vilionyesha chumvi nyekundu inavutwa. Havikuwa sahihi. Nimevirudia vyote. Inasukumwa, kama inavyotakiwa."

Profesa alikuwa ameinamisha kichwa, bila shaka alishaambiwa. Mtahini akauliza alijuaje.

"Niliongeza umeme wa sumaku kidogo kidogo. Unga safi uvutwaji wake haubadiliki, hata sumaku iwe na nguvu kiasi gani. Wangu ulikuwa unabadilika. Chuma ndicho chenye tabia hiyo, kwa sababu kinashiba mapema, mvuto wake hauongezeki tena. Nikajua ndani mna chembe za chuma, nikaziondoa."

"Vizuri sana," mtahini akasema, akafunga kalamu yake.

Vizuri sana! Yaani ndiyo basi? Mvua yote hii nimengoja, halafu anaambiwa vizuri sana? Nikanyoosha mkono.

"Hizo chembe za chuma zilitoka wapi?"

Wifi akanigeukia. Uso wake ulibadilika, nami nikafurahi, nikadhani ni woga. "Zilitoka kwenye vyombo," akasema.

"Chombo gani? Mtafiti anataja."

"Wifi," akasema, mbele ya ukumbi mzima, "naomba hilo nikueleze tukitoka."

Watu wakacheka. Nikasimama wima. "Hapa si nyumbani. Tueleze hapa hapa."

"Nakuomba."

"Basi nitalieleza mimi. Alikuwa anachota unga kwa kijiko cha chuma. Nilimwona kwa macho yangu. Kosa la mtoto wa shule, na huyu ndiye anayeomba kufundisha wengine!"

Mtahini akafungua kalamu tena. "Ni kweli?"

"Ni kweli nilikitumia," wifi akasema. "Vya plastiki vilipotea. Lakini nilinunua cha plastiki mwezi ule ule nikarudia, na unga bado ulivutwa. Haikuwa kijiko. Ilikuwa kinu."

"Kinu kipi?"

Wifi akatazama sakafu. Namwapia yeyote atakayesoma hapa, alikataa kusema. Mtahini aliuliza mara ya pili naye akabana midomo. Aliyejibu ni Fundi, kutoka nyuma kwenye birika la chai, kwa moyo mweupe kabisa.

"Si hicho kikubwa cha Mwalimu, mama? Kina ufa chini unaoficha unga. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanasagia unga wa chuma na salfa humo kabla yeye hajakichukua. Nilitaka kumwambia, akaniambia nikashtaki."

Watu wakacheka tena, wale wale. Mtahini hakucheka. Aliivuta ile tasnifu ya buluu.

"Chumvi zako za shaba ulizisaga kwenye kinu gani?"

Nilitazama jalada la buluu mkononi mwake.

"Uliwahi kupima kwa umeme wa nguvu tofauti?"

"Hapana."

"Hata sampuli moja?"

"Hapana."

Akafungua mpaka sura ya tano, akasoma kidogo, akaifunga taratibu. "Basi sura hii inahusu chuma, mwalimu. Haihusu shaba."

Nilikuwa nimevaa viatu vyekundu. Nilitembea navyo mpaka mlangoni na kila hatua ilisikika. Nilipogeuka, aliyekuwa analia ukumbini ni wifi.

Ijumaa, 24 Mei

Nafasi kapewa yeye.

Mume wangu kaniuliza swali moja tu tangu arudi safari. "Alikuomba mkazungumze nje, hukusikia?" Nikamwambia wangeniambia mapema. Akasema, "Kabla sijasafiri alikuja hata kwangu, akaniomba nikwambie mimi. Nikamjibu wewe huambiwi kitu. Humu ndani sote tunalijua hilo." Akaenda kulala sebuleni.

Wifi kagonga mlango na kikombe cha chai. "Wifi, tutasaga upya. Nitakusaidia mpaka tumalize." Sikufungua. Alikiweka chini mlangoni, nikakisikia kikigusa sakafu.

Nimeinywa imeshapoa.

Jumatano, 29 Mei

Mvua kidogo. Sijatoka.

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Mvua zimekwisha.

Profesa kaamua: nirudie vipimo vyote tangu mwanzo, na atakayenisimamia na kutia sahihi ni mhadhiri msaidizi. Alikuwa ananisubiri mlangoni, pale pale nilipomsubiri mimi.

"Karibu, wifi," akasema, na Fundi anasikia.

Alikuwa ameshakiosha kile kinu cha jiwe, chumvi zangu za shaba kazipanga mezani kwa mpangilio wangu mwenyewe. Akanivutia kiti. "Tutaenda polepole, umeme mdogo mpaka mkubwa. Jina kwenye kazi litabaki lako. Sura ya tano tutaitafutia jambo lingine, lipo, mimi nina wazo." Alikuwa anasema kutoka moyoni, nilimwona, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu nilitaka kumshika mkono. Niliona nimepona kitu ambacho si homa.

"Kijiko changu nimekisahau nyumbani," akasema. "Una cha plastiki?"

Mkono ulikwenda wenyewe. Nilitoa ufunguo, nikafungua droo.

Fundi ndiye aliyeviona kwanza, alikuwa anafagia hapo. Akavua kofia. "Vijiko vyangu," akasema. Alisimama vile vile alivyosimama siku ile Profesa alipomfokea.

Wifi akavitazama vijiko vitatu. Akatazama ufunguo mkononi mwangu. Kisha akainua macho akalitazama dirisha lililo juu ya meza yake, muda mrefu.

"Na dirisha?" akauliza.

Nilitaka kusema mvua. Nilitaka kusema uzee wa Fundi. Nikasema, "Wifi." Sijawahi kumwita kwa sauti ile. "Wifi, nisikilize."

"Hapa si nyumbani," akasema.

Kile kiti alichonivutia akakirudisha ukutani. Akachukua kijiko kimoja, akakipangusa kwa leso yake, viwili akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili. Akamwaga chumvi ya kwanza kwenye kinu, akakisukuma mbele yangu, akasimama nyuma ya bega langu ili aone kila ninachofanya.

"Saga," akasema.

Nikasaga.